Mwalimu wa kompyuta anayeitaka shule yake ifute video

Kitu cha kwanza kuonekana ni kiganja. Wenzake wote wanacheka na kusukumana mbele ya kompyuta, lakini msichana wa kiti cha dirishani amebandika kiganja juu ya skrini na hakitoi.

Ni kipindi cha kwanza cha muhula. Zoezi ni lile lile la kila mwaka: andika jina lako kamili na jina la shule, uone mtandao unakujua kwa lipi. Mwalimu anayelisimamia anaitwa Madam Kebo, kwa sababu wanafunzi hawajawahi kumwona bila waya shingoni. Kompyuta zenye uhai hazifiki nusu, kwa hiyo wanakaa wawili wawili, isipokuwa huyu wa dirishani aliyejitenga.

"Mimi nimetokea kama mchezaji!" mmoja anajisifu.

"Mchezaji wapi? Ulikuwa unaokota mipira!"

Madam Kebo anafika dirishani. "Toa mkono, mwanangu."

"Madam, tafadhali."

Mwalimu anainama, anachomoa waya wa umeme, skrini inakuwa nyeusi, naye anaendelea na safari yake kana kwamba kompyuta imeharibika yenyewe.

Wanafunzi walipotoka, alirudi kuangalia. Alichokikuta, anasema, kilimfanya asimalize chai yake.

Ni video. Msichana yule akiwa bado mdogo, darasa la nne, amesimamishwa mbele ya shule nzima asubuhi, kitabu mkononi. Anashindwa kusoma sentensi moja. Sauti ya mtu mzima aliyeshika simu inasema, "Soma, bibie, dunia inakusubiri," na kicheko kinalipuka. Mtoto anaanza kulia. Chini yameandikwa majina yake yote matatu. Imetazamwa mara laki mbili na ushee.

Aliyeiweka si mtoto mtundu. Ni ukurasa wa shule yenyewe, na sauti ile ni ya makamu wa mwalimu mkuu.

"Nimeajiriwa hapa niwafundishe watoto wasijichafulie majina," anasema Madam Kebo. Alihamia shuleni hapo miaka michache baada ya video ile. Husema taratibu, hata akiwa na hasira, na leo anayo. "Kumbe matope tunayarusha sisi, halafu tunawafundisha kufua."

Msichana huyo ni binti wa fundi cherehani. Sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, katika shule hiyo hiyo, na ameomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Chuo hicho hakifichi kwamba hutafuta majina ya waombaji mtandaoni kabla ya usaili.

"Nitamchomaje mgonjwa sindano?" msichana anauliza. "Si atasema huyu hata jina la dawa hawezi kulisoma?"

Madam Kebo alikwenda kwa makamu kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Ile video ilitusaidia, dada yangu," makamu alimjibu. "Wazazi waliamka. Ukurasa ukapata wafuasi."

"Na mtoto alipata nini?"

"Mtoto amekua, kashasahau."

"Anaifunika kwa mkono, makamu."

"Basi mfundishe. Si ndiyo kazi yako hiyo, nyayo njema za mtandaoni? Aweke mazuri yake mengi, lile baya litazama lenyewe."

Anapoyarudia maneno hayo, Madam Kebo anavuta waya shingoni mpaka unambana. "Nyayo njema! Unachimba shimo mlangoni kwa mtoto, halafu unamwambia apande maua."

Hata hivyo walipanda. Kwa muhula mzima msichana alijirekodi akiwasomea hadithi watoto wa madarasa ya chini, na Madam Kebo akaziweka mtandaoni kwa bando la mfukoni mwake. Sauti ya msichana ni safi, haina kigugumizi. Watazamaji walikuwa watu thelathini na kitu, na wengi walikuwa mashangazi. Ukiandika jina lake, yule mtoto anayelia ndiye aliyeendelea kutangulia.

Ndipo mwalimu akafanya kosa ambalo ni mwalimu wa kompyuta tu angelifanya.

Mtandao una kitufe cha kulalamika: ukiona kitu kinamdhalilisha mtu, unakibonyeza, wenye mtandao wanakichunguza. Alikuwa amebonyeza peke yake, hakujibiwa. Akaomba ruhusa ya msichana, akawaambia wanafunzi wa darasa lake, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo jioni kila mwenye simu nyumbani afungue video ile, alalamike. Waambieni na kaka zenu."

Walitii, tena kwa moyo. Walifungua, wakalalamika, wakarudi kuangalia kama imeondoka, wakafungua tena. Lakini mashine haijui kama mtu amefungua kwa huruma au kwa kebehi. Inahesabu macho tu. Ilipoona video ya zamani inafunguliwa kwa fujo namna ile, ilidhani watu wameipenda, ikaanza kuwapelekea na wengine. Asubuhi ilikuwa imezagaa upya. Watu wasiomjua msichana walikuwa wameichukua na kuitia muziki.

Msichana hakuja shule siku hiyo, wala zilizofuata. Aliyekuja ni mama yake, na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Walisimama kwenye korido, mmoja na futi, mwingine na waya.

"Mwalimu, nilikuletea nguo imechanika kidogo," mama alisema. "Umenirudishia viraka."

"Nisamehe, mama. Nilitaka kusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga. Usaili ni wiki ijayo. Amesema haendi. Sasa niambie, huyo aliyeichukua hiyo picha, yeye amekaa nyumbani kwa aibu? Au yuko hapo ofisini anakunywa chai?"

Makamu alikuwa ofisini. Alikuwa anakunywa chai.

Kesho yake palikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa amempangia Madam Kebo mada: jinsi watoto wanavyojiharibia majina mtandaoni. Ukumbi ulijaa wazazi waliokuja na dhambi za watoto wao mdomoni. Madam Kebo alisimama, akaiacha mada mezani. Aliwageukia wanafunzi wa mwaka wa mwisho, waliokaa pembeni.

"Mmekwishatafuta majina yenu. Mliokuta jambo la aibu mlilojiwekea wenyewe, nyoosheni mikono."

Ikapanda mikono miwili, tena kwa kucheka.

"Mliokuta jambo la aibu lililowekwa na ukurasa wa shule?"

Mikono ilipanda mmoja mmoja, kisha safu nzima. Yupo aliyepigwa picha akirudishwa nyumbani kwa ada. Yupo aliyenyolewa kwa adhabu. Wapo ambao alama zao za mtihani zimebandikwa na majina yao, kuanzia wa mwisho.

"Loo!" baba mmoja alisema. "Mimi namnyang'anya mwanangu simu kila siku, kumbe mwizi namlipia ada!"

"Nyani haoni kundule," sauti ikadakia nyuma.

Makamu aliinuka. "Mwalimu, hii siyo mada uliyopewa."

"Ndiyo yenyewe."

"Tutalizungumza ofisini, dada yangu."

"Ofisini nimekuja. Nimeomba. Leo siombi." Waliokuwapo wanasema hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake ikifika ukuta wa nyuma. "Toa simu yako. Ifute, sisi tukikuangalia."

Makamu alimtazama mwalimu mkuu ili amwokoe. Mwalimu mkuu alitazama ile mikono, ambayo ilikuwa bado juu, akasema, "Ifute." Na makamu, aliyeirekodi bila miwani, ghafla akahitaji miwani ili aifute.

Hakuna aliyepiga makofi. Madam Kebo anasema ni vizuri, kwa sababu hakuna lililostahili makofi. Nakala bado ziko huko nje, zenye muziki na zisizo na muziki. Anawaandikia wenye kurasa mmoja mmoja, bila kuwatuma watoto tena. Anataka pia shule ikubali sheria moja: picha ya mtoto isiwekwe popote mpaka mtoto mwenyewe, siyo mzazi tu, aseme ndiyo. Mwalimu mkuu amejibu kwamba suala linafikiriwa. "Wafikirie," anasema mwalimu. "Mimi nitasimama kila mkutano."

Kutoka mkutanoni alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani. Cherehani ilikuwa inalia barazani. Msichana alikuwa ndani, amejilaza akitazama ukuta.

"Imefutwa pale shuleni," mwalimu alimwambia. "Kwingine bado."

"Watanicheka tu, Madam. Si kweli nilishindwa kusoma?"

Cherehani ikanyamaza. Madam Kebo alikaa ukingoni mwa kitanda. Kuna jambo alikuwa nalo tangu siku ya kwanza alipoiona ile video, na hakuwa amelisema kwa makamu, wala mkutanoni, wala kwa mtu yeyote.

"Mwanangu, ulikuwa darasa la nne. Miaka minne ulikuja shule kila asubuhi, na hakuna mwalimu aliyekufundisha kusoma. Walioshindwa siku ile ni sisi. Tukaona aibu yetu, tukaiandikia jina lako."