Emiliana Ndani ya Ngolo

Siku hizi watu wanalima matuta ya haraka, mvua ikinyesha udongo unashuka mtoni, halafu wanalaumu mbolea. Kunigunda, jirani yangu, alilima ngolo mpaka mgongo ulipokataa. Ngolo ni hivi: unapanga nyasi kavu katika mraba, unazifukia kwa udongo wa katikati, na maji yanatulia kwenye shimo badala ya kukimbia mteremko. Naeleza kwa sababu watoto wenu hawajui.

Mjukuu wake Emiliana alikuwa kama maji yasiyo na shimo. Yuko darasa la tatu, sentensi moja hamalizi. Atafungua kitabu, atasikia kuku, ataondoka. Hajamfikia kuku ameshaona kipepeo. Na ilikuwa miaka ile biashara ya kahawa imefunguliwa, magari ya wanunuzi binafsi yakipanda milimani na vipaza sauti, watu wazima wenyewe shingo hazitulii.

Baba yake, Wendelin, alikuwa ameamua.

"Mama, asiposoma mbele ya mwalimu kabla ya likizo, anakwenda Lundo, kule ziwani, kwa shangazi yake akaanike dagaa wa usipa. Shule si ya kila mtu."

"Wewe ulirudia darasa la pili, nani alikupeleka ziwani?"

Kunigunda alianza vibaya. Alimkalisha mtoto akitazama ukuta, fimbo mapajani. Emiliana akasoma nyufa za ukuta.

Ikafika Machi, wakaenda shambani kufukia nyasi. Mtoto akaanza shimo hili, akarukia lile, yote yakabaki wazi. Bibi akamshika bega, akamsimamisha ndani ya mraba mmoja.

"Hutoki humu mpaka pande zote zifunikwe. Ukimaliza, kimbia mpaka kwenye ule mgomba, urudi."

Akamaliza. Akakimbia. Akarudi mwenyewe, akaingia mraba wa pili.

Jioni hiyo Kunigunda alipanga nyasi uani, akamweka mtoto katikati na kitabu, akafunika ukurasa kwa vipande vya kanga, ukabaki mstari mmoja.

"Bibi, nimemaliza!"

"Umemeza neno. Litapike, ndipo ukimbie."

Majirani wakapata la kucheka. "Kunigunda, umepanda mjukuu? Ataota lini?"

"Akiota, mbegu hampewi."

Siku ya kusoma nilimsindikiza Kunigunda shuleni. Wendelin alisimama mlangoni mwa darasa, mkoba wa safari wa mtoto begani. Mwalimu Dunstan akafungua kitabu, ukurasa mzima, hakuna kanga. Emiliana akaanza. Hapo gari la wanunuzi likapanda likipiga kelele. Watoto wakajaa madirishani. Wendelin akatoka mbio barabarani, mkoba wa mtoto ungali begani.

Emiliana akainua kichwa. Miguu ikacheza chini ya dawati. Kunigunda alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Mtoto akalaza kiganja kimoja juu ya mstari, kingine chini yake, akauzungushia ukuta. Akasoma. Akameza neno, akarudi, akalitamka. Akasogeza viganja, akasoma mpaka mwisho.

Wendelin akarudi akihema. "Amesoma?"

"Amesoma," alisema mwalimu. "Anabaki."

"Mbona mimi sikusikia?"

"Ulikuwa unafuata gari," alisema Kunigunda. "Ngoja, atakusomea tena."

Lakini Emiliana alikuwa ameshatoka, anakimbia uwanjani akitafuta mgomba.