Stumai Aliyegeuza Platuni

Stumai alizaliwa Mofu, katika nyumba ambayo mvua zikizidi maji ya mto huja mpaka mlangoni. Baba yake, mvuvi, alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo mama yake, Evelina, alilima mpunga peke yake na kumsomesha. Stumai alipopangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya kijeshi, upande wa Mang'ula, majirani walisema afadhali, mtoto kaenda kunyooshwa.

Hakunyooka upesi. Wiki ya kwanza walirushwa kichura kwa kuchelewa mchakamchaka. Wenzake walilia, yeye aliuliza mbona kengele haikupigwa. Akaongezewa adhabu, akairuka yote. Lakini kwata aliipenda. Sauti yake ilifika mwisho wa uwanja bila kupasuka, na muhula wa pili akawa sajini wa platuni ya wasichana, mwenye tepe tatu begani.

"Wewe ukipewa bunduki nchi itahama," rafiki yake Nadhira alikuwa akimtania. Nadhira alikuwa binti wa mwenye duka Ifakara, na alilala kitanda cha juu yake.

Mpunga ulipokomaa, Afande Polikarpo, mwalimu wa nidhamu, alianza kuitoa platuni hiyo darasani kwenda kuvuna. Alisema ni shamba la shule. Kwa kuwa shule ilikuwa na mashamba kweli, hakuna aliyehoji, ingawa mtihani wa mwaka ulikuwa umekaribia na kemia walikuwa nyuma.

Siku moja mke wa afande alikuja shambani na mwavuli, akawasimamia.

"Msiache masuke nyuma, wanangu," alisema kwa upole. "Mpunga huu ndio utakaopaua nyumba yetu."

Wasichana walitazamana. Jioni magunia yalipakiwa kwenye pikapu, nayo ikashika njia ya Ifakara badala ya kuelekea stoo ya shule.

"Sasa tumejua," Nadhira alisema wakiwa bwaloni. "Tusiende tena."

"Tukigoma kila mtu kivyake, atatuadhibu mmoja mmoja," Stumai alijibu. "Niachieni mimi."

Asubuhi yake afande aliingia katikati ya kipindi cha kemia na kuwaamuru watoke. Walitoka wakiwa na miundu mikononi, wakiimba, Stumai akiongoza pembeni. Afande aliwatangulia kwa pikipiki. Walipofika ukingoni mwa shamba, Stumai alipaza sauti.

"Platuni, simama."

Wakasimama. Afande, akidhani anawapanga, aliendelea kuelekea kwenye magunia.

"Nyuma, geuka. Mbele, tembea."

Platuni nzima ikageuka kwa kishindo kimoja.

"Sajini! Unawapeleka wapi?"

"Darasani, afande. Hili si shamba la shule."

Hakusimama kusikia zaidi. Waliimba njia nzima, na mwalimu wa kemia aliwakuta wamekaa, miundu chini ya viti.

Mchana shule nzima iliitwa uwanjani. Afande Polikarpo alimsimamisha Stumai mbele.

"Omba msamaha. Kila mtu asikie."

"Siwezi kuomba msamaha kwa kwenda darasani, afande."

Afande alizing'oa zile tepe kwa mkono wake, shati likachanika begani. Stumai alibaki mguu sawa. Kisha akaambiwa aende nyumbani, asirudi bila mzazi.

Evelina alimpokea kwa hasira. "Nimevunja mgongo ili usome, wewe unagombana na wanajeshi?" Stumai alimweleza yote. Mama alisikiliza akipepeta mchele, na asubuhi wakaondoka pamoja.

Mkuu wa shule, Meja Obadia, hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu mambo yaishe kimya. Aliwapa viti. Afande Polikarpo alisimama karibu na dirisha.

"Mama, binti aombe msamaha tu, arudi darasani leo hii."

Evelina alimgeukia binti yake. "Mwanangu, omba yaishe."

"Siombi, mama."

Mama alimtazama, akatazama na lile shati lililoshonwa begani. Akafunga khanga yake upya.

"Afande mkuu, lile shamba ni la nani?"

Afande Polikarpo aliangalia nje.

"Hilo tutalishughulikia baadaye," Meja alisema.

"Basi lishughulikieni kwanza. Mimi pia nina mpunga Mofu, ndege wanaumaliza. Sikujua kuwa wanafunzi hutolewa, ningekuja kuomba." Alijiegemeza kitini. "Haombi msamaha. Na nyumbani harudi, amepangiwa hapa. Nitakaa mpaka aingie darasani."

Akakaa kweli. Watu waliingia na kutoka ofisini, wakamwamkia, akawaitikia, hakunyanyuka. Alasiri Meja alichukua kofia yake akaenda mwenyewe kuliona shamba. Aliporudi alimruhusu Stumai aingie darasani, na platuni haikutolewa tena. Mpunga uliobaki mke wa afande aliutafutia vibarua.

Lakini tepe hazikurudi. Meja alisema kiongozi hageuzi kikosi kinyume cha amri, hata amri ikiwa mbovu, akampa Stumai wiki mbili za kufyeka nyasi. Afande Polikarpo alibaki kazini, na ndiye aliyesimamia adhabu hiyo.

"Umejifunza nini?" alimuuliza siku ya mwisho.

"Kufyeka, afande."

"Na kuomba msamaha?"

"Hilo bado."

Akainua fyekeo, akaendelea na kipande chake.

Stumai alimaliza kidato cha sita akiwa kadeti wa kawaida, akipiga kwata mstari wa nyuma, na akafaulu. Leo anafundisha kemia katika sekondari moja ya Ifakara. Akikuta darasa liko tupu wakati wa kipindi chake, haulizi ofisini. Huwafuata wanafunzi huko huko walikotumwa, akawarudisha.