Hela ya mbolea ya mama ilipanda lori hadi Kasesya, ikarudi kwa simu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Atakayesema naleta chai, yaani natunga, poa tu, ila hii imetokea nyumbani kwetu Chanji, Sumbawanga, na mhusika mwenyewe yupo hapa pembeni anachambua maharage.

Mama yangu alikuwa hataki kabisa kusikia habari za kuweka hela kwenye simu. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka. Vijana wa promosheni walikuja na fulana. Fulana akachukua, kujisajili akakataa!

"Hela nisiyoishika siyo yangu."

Benki yake ilikuwa gunia la ulezi. Wafipa wenzangu mnaelewa. Mahindi yanabunguliwa, lazima uyauze mapema, ila ulezi unakaa miaka bila mdudu kuugusa. Basi hela ya mbolea akaifunga kwenye kitambaa, akaizamisha katikati ya gunia. Hata mzee, baba yangu, hakumwambia.

Siku mama yuko kwenye sala za jumuiya, akapita mama mmoja mfanyabiashara, ananunua ulezi wa kupeleka Kasesya, mpakani na Zambia. Bei nzuri. Mzee wa watu akauza, tena akajipongeza.

Mama kurudi, kuangalia kona alikoliweka gunia, halipo. Akakaa chini, akalia.

Mvua za kwanza zilishanyesha. Bila mbolea, mwaka ule tungevuna mabua. Niliumia sana, maana mama yangu si mtu wa kulia ovyo.

Bahati mzee alikuwa na namba ya yule mama. Kupiga, lori liko njiani. Akasema akishusha mzigo ataangalia. Mimi nilishakata tamaa. Akisema hajaona kitu, utambishia kwa ushahidi gani?

Kesho yake yule mama akapiga mwenyewe, akaomba kuongea na mama yangu.

"Mama Deo, kitambaa chako nimekikuta. Ila hela ya mwenzangu simpi mtu wa boda wala wa lori. Nipe namba yako, siyo ya mtoto. Nataka nione jina lako ndiyo nitume."

Mama yangu huyo, kitambulisho mkononi, mbio kwa wakala. Akaweka vidole, akasajiliwa. Kwenye namba ya siri akaniamuru nigeuke nisione. Mimi, mwanaye wa kumzaa!

Tukampa yule mama namba, meseji ikaingia: hela imefika. Nikasoma, akasema rudia. Akamshukuru Mungu kwa Kifipa palepale dukani, sauti ya juu, wala hakujali watu.

Wakala akauliza, "Nikutolee, mama?"

"Iache humohumo. Imetoka Kasesya haijapotea, hapa Chanji itapotelea wapi?"

Mbolea akalipia kwa simu.

Nilichojifunza: matangazo na ofa ni sawa, ila mama alihitaji kwanza kumwona mtu mwaminifu upande wa pili. Wazee wenu nani aliwabadilisha? Tiririkeni, nasoma zote.

Na wewe mama wa Kasesya, kama umo humu, Mungu akuzidishie. Mama Deo amekuwekea debe la ulezi. Safari hii ameuchekecha wote kwanza.