Neno Nililomficha Baba Mkwe

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata sasa nikiikumbuka natamani kuuficha uso wangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimetoka kuoa. Baba mkwe wangu, mzee Kambale, mchuuzi wa samaki wakavu aliyehamia kwetu Bwera kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, alivimba kidole gumba cha mguu hata shuka ikikigusa anapiga yowe. Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mgeni, hajui ila Kiingereza, na mimi kijana wa shule nikawa mkalimani. Nilijiona sana siku hiyo.

Daktari alieleza taratibu. Damu ya mzee ilikuwa na asidi nyingi ya yuriki, uchafu ambao figo huutoa kwa mkojo. Asidi hiyo ilikuwa imeganda kidoleni, ndiyo maumivu yale, na figo zenyewe zilikuwa zimeanza kuchoka. Apunguze maini, dagaa na pombe, anywe maji, ameze vidonge kila siku hata mguu ukipona. Asidi ikishuka, huenda figo zikachelewa kuharibika.

Sasa, mwanangu, kwetu mkwe hata kukohoa mbele ya baba mkwe anafikiri mara mbili. Nitautajaje mkojo mbele ya mzee aliyenipa binti yake? Na pombe nimkataze vipi, mimi niliyempelekea mtungi juzi? Nikasema, "Baba, ni dawa ya mguu. Meza." Basi. Daktari akanitazama, maana maneno yake yalikuwa marefu na yangu mafupi kama mkia wa mbuzi.

Mguu ukapona. Mzee akaviweka vidonge juu ya kabati, akarudia maini na tonto yake, ile pombe ya ndizi. Baada ya miaka michache nilimrudisha hospitalini, uso na miguu vimemvimba, hana nguvu. Daktari yuleyule akauliza kwa nini aliacha dawa. Nikamgeukia mzee, nikamfasiria swali.

"Uliniambia iko dawa ya muguu," akasema. "Muguu ilipona. Ningekunywa ya nini?"

Hapo nikamwambia yote, figo na mkojo, jasho likinitoka. Akacheka kidogo. Afadhali angenipiga kofi.

"Mukwe wangu, unazani miye sikojoake? Uliheshimu masikio yangu, figo yangu ukaiacha ikufe."

Vidonge alivirudia, lakini alikuwa amechelewa. Tulimzika Bwera. Mke wangu hajaniuliza neno hata leo, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya mwenzangu. Mwanangu, ukipewa neno la daktari ulifikishe, lifikishe zima, hata kama lina mkojo ndani yake. Kidole kikikuvimba, nenda ukapimwe damu, uulize na habari za figo. Dawa ya kila siku usiiache eti maumivu yamekwenda. Muulize kwanza aliyekupa. Mungu akulindie figo zako, mwanangu, na akuondolee haya pale haya inapoua.