Mahali Petu pa Tope

Babangu si mtu wa kuomba. Yeye huamuru, tena kwa simu, na akimaliza anakata kabla hujajibu. Ndiyo maana nilishtuka aliponipigia Agosti ile ya tohara akasema polepole, "Mwanangu, kuja nyumbani. Nisaidie na ile mahali yetu ya tope."

Mimi naishi Kitale. Nyumbani ni upande wa Matulo, ambako shamba letu linateremka hadi mto Nzoia. Hapo chini maji hujikunja na kuacha kidimbwi cha tope jeusi, na wanaume wote wa boma letu walipakwa tope hilo alfajiri ya kutahiriwa: babu, baba, ndugu yangu mkubwa, mimi. Unaingia uchi, unapakwa mwili mzima, unabandikwa donge la tope utosini na kuchomekwa unyasi, kisha unapanda hadi uani kukabili kisu bila kupepesa jicho. Sasa ilikuwa zamu ya mtoto wa ndugu yangu, na mamake, shemeji yangu, alikuwa amekataa katakata. Alitaka mwanawe atahiriwe hospitalini, Bungoma mjini.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," baba alikuwa amemwambia kabla ya kunipigia.

Shemeji alimjibu akiwa jikoni, kwa heshima, bila kutokeza mlangoni. "Baba, siogopi kisu. Naogopa uchafu. Ati mtoto aoge nepi za watu halafu akatwe? Shuka ujionee."

Baba alishuka akajionea. Aliporudi wakakubaliana: tope likisafishwa, mtoto atapakwa. Lisiposafishwa, hospitali.

Nilifika siku moja kabla ya sherehe, nikavaa gambuti na kuchukua reki. Wueh! Nilijua mto umechafuka, lakini sikujua umechafuka vile. Chupa za soda zilikuwa zimejaa pale pembeni mpaka maji hayaonekani. Nilivuta nepi zilizovimba, ndala za mguu mmoja mmoja, magunia ya nailoni, na karatasi za plastiki zilizozama matopeni na kushikana na mizizi. Ukivuta moja, nyingine inakatika na kubaki chini. Baba alikaa kwenye jiwe, akipokea nilichotoa na kukipanga kana kwamba kuna mtu atakuja kukidai.

Kisha akainua karatasi moja ya mkate, yenye picha ya kuku mwekundu. "Hii mkate inauzwa wapi? Hapa sijaiona."

Nilitamani kudanganya. Ni mkate wa mtaani kwetu, unaokwa na jirani, wala hauvuki mji. "Kitale," nikasema.

"Kumbe!" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Kumbe huwa mnatutumia mkate, bana. Shida ni kwamba mnaula kwanza."

Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Kwetu mtaani gari la taka huja likipenda. Ukienda kuuliza unaambiwa limeharibika. Kwa hivyo tunafunga takataka, tunampa mtu wa mkokoteni, na hakuna anayemuuliza anazipeleka wapi. Anazimwaga bondeni, kwenye kijito, na kila mtu anajua. Mvua kubwa ikinyesha bonde linabaki safi, nasi tunamshukuru Mungu kwa mvua. Kijito kinaingia Nzoia, Nzoia inapita Matulo kuelekea ziwani, na maji ya ziwa yanashika njia ya Nile mpaka baharini kwa watu tusiowajua. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya kubebea, tukasema haya, tumepona. Lakini mkate, maji, sabuni, nepi, vyote vinatufikia vikiwa vimevishwa plastiki, na hakuna aliyepanga vazi likivuliwa liende wapi. Basi linaenda kwa babangu.

Kufikia saa kumi jioni kidimbwi kilikuwa safi. Shemeji mwenyewe alishuka, akachota tope, akalinusa, akatikisa kichwa kukubali. Baba alitabasamu kama bwana harusi. Lakini kule juu, upande wa Kitale, mawingu yalikuwa yametanda, meusi tititi.

Alfajiri tuliposhuka na mtoto, tukiimba, wimbo ulikatika. Mto ulikuwa umepanda usiku na kushuka, na kidimbwi kilikuwa kimejaa takataka tena. Mtoto alikuwa ameshavua nguo, anatetemeka, anamwangalia babu yake. Baba akavua viatu, akaingia majini na miaka yake yote, akawa anasukuma chupa kwa mikono ili mjukuu apate pa kusimama. Haki ya Mungu, sijawahi kuona kitu kilichoniuma vile.

Mtoto alipakwa, tukapanda naye haraka. Uani alisimama wima, hakutikisika hata kidogo, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia utosini kwake. Kando ya unyasi, kwenye lile donge la tope, kilikuwa kimesimama kipande cha plastiki, kikipepea. Kumgusa mtoto wakati ule si ruhusa, kwa hivyo kilikaa hapo mpaka kisu kilipomaliza kazi. Shemeji alikiona. Baba pia.

Mchana, watu wakila, baba alimwita shemeji. "Yule mdogo wake huyu wa leo, wakati wake ukifika, mpeleke hospitali."

Shemeji alikuwa ameshinda, lakini hakufurahi. Machozi yalimlengalenga. "Hapana, Baba. Mahali pa babu zao? Tutasafisha tena."

"Mtasafisha Kitale?" baba akauliza.

Wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa na nyama mkononi, nikairudisha kwenye sahani.