Taa Zenye Miiba

Ting. Ndivyo kisu kilivyolia kilipotua kwenye sinia la chuma, na Theodory akajua jicho la pili limekwisha kukatwa. Hiyo ilikuwa Moscow, mwaka themanini na mbili, chama cha ushirika kilipompeleka kusomea ufundi wa malori. Alikwenda na miwani mizito iliyofungwa kwa uzi. Baada ya upasuaji huo akarudi Babati macho matupu, anasoma namba za gari lililo ng'ambo ya soko.

Ushirika ukampa lori la safari za Dodoma. Hakumwambia mtu kwamba jua likizama, kila taa huota miiba.

Basi akawa anapanga safari zake zifike kabla ya jioni. Melkiori, dereva mwenzake ambaye lori lake lilikaa juu ya mawe mwaka mzima kwa kukosa matairi, alimbatiza Kuku. "Giza likinukia tu, anatafuta banda!"

Siku moja ya mwaka themanini na nne walikuwa wanarudi kutoka Dodoma na sukari ya mgawo. Juu ya magunia walipanda watu kumi na wawili, Melkiori akiwa mmoja wao. Mbele, kando ya dereva, aliketi Mama Pantaleo, muuguzi wa macho. Pancha mbili ziliwalia mchana wote. Walipopita Bereko, jua lilikuwa limekwenda.

Theodory akawasha tochi, akajimulika usoni.

"Baba, unatafuta chunusi?" Mama Pantaleo alicheka. Kisha akaacha. "Hebu nitazame. Walikukata?"

"Mistari minane kila jicho, kama spoku za baiskeli. Katikati hawakugusa."

"Ndiyo maana. Mchana mboni ni ndogo, unaonea hapo katikati. Giza likiingia inatanuka mpaka kwenye makovu, mwanga unatawanyika. Tochi inaifanya isinyae."

"Usiwaambie ofisini, Mama Pantaleo. Watampa Melkiori usukani huu. Nina watoto watano."

Tochi ikawa njano, ikawa nyekundu, ikazima. Betri hazikuonekana dukani tangu Pasaka.

Karibu na Bonga taa ikatokea mbele. Moja, kubwa, imejaa miiba. Pikipiki, aliwaza Theodory, akabaki katikati ya barabara.

"Kushoto!" Mama Pantaleo alipiga kelele. "Ni basi, taa ni mbili! Kushoto!"

Akakata usukani. Basi likapita likang'oa kioo cha pembeni cha lori, honi ikivuma. Magunia yakalala upande, watu wakapiga mayowe, na lori likasimama ukingoni mwa mtaro.

Hakuna aliyeanguka.

"We Kuku!" Melkiori aligonga paa la kibanda cha dereva. "Umesinzia? Twende, Bonga ile pale!"

"Twende, dereva! Watoto wanangoja!" wengine walidakia.

Mama Pantaleo hakugeuza uso. "Mimi sitasema," alisema. "Lakini hao kumi na wawili wako juu yako."

Theodory aliinua macho. Mbali mbele, kwenye kona, taa nyingine ilikuwa inaanza kuchomoza miiba yake. Akazima injini. Akashuka, akazunguka nyuma, akanyoosha mkono wenye ufunguo juu kwa Melkiori, ambaye tayari alikuwa amefungua mdomo kutania.

"Shuka uendeshe, Melkiori," alisema, kwa sauti ambayo wale wengine hawakuisikia. "Giza likiingia, mimi sioni."