Shahidi wa Angustias

Wageni wanaopanda kilima chetu cha Sacromonte, hapa Granada, kutafuta baa za mapangoni hupotea kwa sababu wanatafuta pango. Wanatazama miamba, wanatazama simu zao, na kumbe wameshaupita mlango wa baa ya Angustias wanakwenda na wanarudi. Ukiwa njiani huoni kitu ila ukuta mweupe, mpungate mmoja, pazia la shanga na kiti cha mbao ambacho kwa kawaida nimekikalia mimi, Casimiro, kinyozi mstaafu. Pango lenyewe liko ndani, limechongwa mlimani chumba nyuma ya chumba: kwanza baa, kisha jiko, na mwisho kabisa chumba anacholala mwenyewe. Wakiniuliza iko wapi, huwaambia wafuate harufu ya kitunguu saumu. Wengine hudhani nawatania.

Pango hilo lilichimbwa na babu yake Angustias kwa sururu, likawa nyumba, halafu baba yake akaweka kaunta. Angustias alizaliwa katika kile chumba cha nyuma, akafanyiwa karamu ya harusi humo humo, na humo humo akafiwa na mumewe. Alijaribu kuishi kwingine mara moja tu, kwa dada yake Visitación, ghorofani huko Móstoles, karibu na Madrid. Alirudi kabla hata hatujaanza kumkumbuka, akasema madirisha ya huko yanamtazama akilala.

Ni mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Hapa Granada ukinunua kinywaji unaletewa na kitafunio cha bure, na anayechagua ni mwenye baa, si wewe. Wenye baa wengine humuuliza mteja kwanza, kwa adabu. Angustias hana habari hizo. Bwana mmoja aliyeomba abadilishiwe konokono aliletewa sahani ya pili ya konokono. Akawala wote, na tangu siku hiyo haendi kwingine.

Kitu kimoja tu anakiheshimu kuliko wateja, nacho ni chokaa. Kila Jumamosi asubuhi hufunga kitambaa kichwani, akachukua ndoo na brashi, akapaka palipochafuka na pasipochafuka. Kwa wanawake wa kilimani pango lisilo jeupe ni aibu ya ukoo mzima. Mimi nimewahi kusimama karibu mno na ukuta nikatoka na bega jeupe, na badala ya kuniomba radhi akaniambia nimemharibia kazi.

Basi mvua za vuli zilipokatika tukaona ufa. Ulianzia juu ya kaunta, ukapanda kwenye dari ya tao, ukaishia karibu na mlango wa jiko. Akaitwa mhandisi, binti mmoja anaitwa Nazaret, mpole, ana viatu vya matope na kurunzi kichwani. Akaukagua, akasema huenda ni ufa wa zamani uliolala, na huenda mlima unasogea. Kwa kutazama tu hakuna anayeweza kujua. Ndipo akaweka shahidi.

Ndivyo wahandisi wanavyokiita: kibandiko cha plasta, kipana kama kiganja, kinachowekwa juu ya ufa na kuandikwa tarehe. Ukuta ukisogea hata kidogo, plasta hupasuka, na hapo shahidi ameshasema. Nazaret alimweleza Angustias bila kuzungukazunguka. Atarudi baada ya Pasaka. Akimkuta shahidi mzima, baa itaendelea. Akimkuta amepasuka, atalazimika kufunga kila kitu, baa pamoja na chumba cha kulala, na Angustias atahama. Kabla ya kuondoka akakumbusha kwamba shahidi asiguswe na mtu.

Mwanzoni tulifanya mzaha. Tulikuwa tukiingia tunamwamkia shahidi kwanza, mwenye baa baadaye. Wengine wakasema huyu ndiye shahidi pekee Granada nzima asiyejua kudanganya. Lakini Angustias hakucheka. Aliburuta godoro lake kutoka chumbani akalilaza nyuma ya kaunta, chini ya ule ufa, ili ausikilize mlima. Majira yote ya baridi yule mwanamke hakulala usingizi wa maana. Macho yakamwingia ndani, maharage yakaungua, na siku moja, kwa masikio yangu, nikamsikia akimuuliza mteja angependa kula nini. Hapo ndipo tulipojua kwamba mwenzetu anaumwa.

Pasaka ikapita. Siku ya kuja mhandisi, Angustias aliniita ndani kabla ya wateja.

"Casimiro, njoo uone. Usiseme kitu, tazama tu."

Nikatazama. Shahidi alikuwa amepasuka. Mstari mwembamba ulimkata kutoka juu hadi chini, na mwingine ukachepuka pembeni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jumapili ya Matawi."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Ulitaka niseme nini, kinyozi? Nitangaze kaunta nzima kwamba nahamia kwa Visitación?"

Nikaona kwamba sanduku lilikuwa tayari, limefungwa kamba, karibu na pipa la mvinyo. Roho iliniuma kiasi kwamba nikasema la kijinga. Nilimwambia plasta ni unga na maji, kwangu ipo, na kabla ya mchana naweza kuuziba ule mstari asiujue mtu. Sikuona haya kusema hivyo, na hata leo sioni.

Yeye alinitazama kama vile nimetema mate sakafuni.

"Watu wangu wanakunywa chini ya dari hii," akasema. "Nikidanganya, ikawaangukia, nitampikia nani?"

Akaenda kuweka maharage jikoni, kwa sababu mhandisi au si mhandisi, wateja watakuja.

Wakaja, tena wengi kuliko kawaida, kila mmoja akijifanya amepita tu. Nazaret alipofika mchana pango lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Akasalimia, akapanda juu ya kiti, akawasha kurunzi. Tulimwona akikunja uso. Akamgusa shahidi kwa kidole, akakitazama kidole, akageuka.

"Mama Angustias, plasta niliyoweka mimi ilikuwa ya kijivu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hii ni nyeupe."

Angustias akatazama sakafu. Mimi namfahamu tangu tukiwa watoto na sijapata kumwona akitazama sakafu mbele ya mtu.

"Ulikuwa unaipaka chokaa?"

"Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Kila Jumamosi, mpaka ilipopasuka." Kisha akainua kichwa kwa hasira kidogo. "Ilikuwa inaonekana kama doa! Lakini sikuigusa. Ulisema isiguswe. Ni brashi tu iliyogusa."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hatukujua bado kama ni jambo la kucheka. Nazaret alitoa kisu kidogo mfukoni akaanza kukwangua polepole. Chokaa ikamwagika vipande vipande juu ya kaunta, tabaka juu ya tabaka, na ule mstari ukaanguka pamoja nayo. Chini yake ikatokea plasta ya kijivu, na tarehe kwa mwandiko wake mwenyewe. Akaisogezea kurunzi. Akaifuata kwa ukucha kutoka upande hadi upande, akarudia. Mimi nilikuwa nimeshika glasi sijui ya nani.

"Shahidi ni mzima," akasema. "Ukuta haujasogea hata unywele. Kilichopasuka ni chokaa yako, mama. Ukiipaka nene juu ya nene, ikikauka hupasuka."

Angustias alikuwa bado amesimama na kitambaa cha sahani mkononi. Nadhani maneno hayakumfikia.

"Kwa hiyo nahama lini?"

"Huhami. Unabaki kwako."

Hapo nililia. Nikajisingizia moshi wa jikoni, lakini kila mtu alikuwa analia au anapiga kaunta, na mzee mmoja alimkumbatia mhandisi aliyejaa chokaa, na yeye akawa mweupe. Furaha ya namna ile hutoka tumboni, inachosha kama homa inayoshuka. Nazaret akasema patakaguliwa tena kila mwaka, na akamwekea Angustias sharti moja tu, asipake pale. Angustias akalalamika kwamba pataonekana kama kidonda. Akaambiwa apaache hivyo hivyo. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, nasi tukajua kwamba amepona.

Kisha akasema anakaa kidogo, miguu inamwuma. Akaketi kwenye benchi la wateja chini ya lile doa la kijivu, akaegemeza kichwa ukutani. Tulipogeuka kumtaka atuletee mvinyo wa kushangilia, alikuwa amelala.

Alilala kinywa wazi, kitambaa cha sahani mapajani. Mmoja wetu akainua sauti, wenzake wakamkanyaga mguu. Nazaret akaingia jikoni kwa ncha za vidole kuepua maharage yasiungue. Sisi wengine tukabaki tumesimama, glasi tupu mikononi, tukimsikiliza akikoroma, watu ambao hata mazikoni hatujawahi kunyamaza kiasi hicho.

Ndipo pazia la shanga likafunguka, wakaingia wageni wawili, mume na mke, simu mkononi, nyuso nyekundu kwa kupanda. Walikuwa wamelipata pango lao hatimaye. Wakatazama dari, wakatutazama tulivyosimama kimya, na yule mume akavua kofia. Akanisogelea akaniuliza kwa kunong'ona, kwa Kihispania cha kuvunjika, kama hili ni kanisa.

Nikamwambia ni baa, ila mwenyewe amelala, na leo hatumwamshi.

Mkewe akamtazama Angustias kwa muda, akatabasamu, akaweka mkoba wake chini taratibu. Tukawasogezea nafasi kwenye benchi la pili. Wakakaa nasi kusubiri, na hakuna aliyeagiza kitu mpaka alipoamka.